Divai Iliyochacha Kando ya Moto Wangu

Jumapili, jioni. Upepo wa Pito leo unapuliza kama umetumwa. Nimejifunga blanketi juu ya kanga mbili na bado vidole vinakataa kushika kalamu. Lakini nitaandika. Mwalimu wa kisomo alituambia tuandike mambo ya kila siku, hata kama ni kusema tumepalilia na tumelala.

Leo sijapalilia. Leo nimekasirika.

Nimemkasirikia mwanangu Oresto, ambaye ni mwalimu wa shule na hajui maana ya neno "mapema". Nimemkasirikia balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye mdomo wake unafika mahali kabla ya miguu yake. Nimemkasirikia yule mzee wa Mbeya. Nimezikasirikia chupa. Aliyebaki nitamtaja mwishoni, nikipata nguvu.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wangu Leokadia, binti wa Oresto, ameposwa na kijana wa Mbeya anayeitwa Gwakisa. Kijana mzuri, sina la kumsema. Anafanya kazi kwenye barabara, na tangu afike huku Ufipa hajawahi kupita mbele ya mlango wangu bila kusimama. Posa ilikubaliwa. Jana wakwe walikuja kula chakula kwetu ili tupange siku ya ndoa. Walikuja na baba yake mkubwa, Mzee Ambakisye, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao. Neno lake likitoka, limetoka.

Leo hakuna siku ya ndoa. Hakuna kitu. Kesho asubuhi wanapanda lori warudi kwao.

Kwa sababu ya divai.

Mimi ninapika pombe ya ulezi tangu sijazaa. Hapa Pito ukisema pombe ya yule mama, hakuna anayekuuliza mama yupi. Ningepika, wakwe wangekaa kuzunguka chungu, maji ya moto yangeongezwa, mirija ingeingia, na saa hii tungekuwa tunahesabu siku za kuelekea ndoa. Lakini Oresto alikuja kwangu na uso wake ule wa kishule. "Mama, safari hii tusipike. Tuwape wageni divai."

Nikamuuliza divai ya misa imekuwa chakula cha wakwe tangu lini.

Akasema siyo ya misa. Yule padre mzee Mfaransa, aliyerudi kwao mwaka huu, alimwachia chupa mbili. Oresto alimhudumia mezani miaka ile alipokuwa anasomea upadre, kabla hajamwona mama yake Leokadia na kubadilisha njia. Akasema divai ile Wafaransa wanaipa wageni wa heshima tu. Tena Gwakisa naye ameleta chupa mbili za Kimarekani, alizopewa na bosi wake wa barabara alipokuwa anafunga mizigo kurudi Marekani. Kwa hiyo tuna za kuchagua.

Ningekataa. Sikukataa, na nitasema kwa nini. Watu wa Mbeya wakisikia Sumbawanga wanashika vifua. Wanatucheka, wanatuogopa, wanasema kwetu hata kuku anajua dawa. Nikafikiri, basi na waje waone. Waje wakute kwa Mfipa kuna kinywaji ambacho kwao mkuu wa wilaya hajakigusa.

Ndiyo hivyo. Ilikuwa kiburi, na bado ninacho.

Jumatano tukakaa kuchagua. Oresto alizipanga zile chupa nne kwenye benchi kama watoto wa darasa la kwanza. Nilikuwepo mimi, Oresto, na balozi, ambaye hakuna aliyemwita. Oresto akatufundisha. Nyama inakwenda na nyekundu, samaki anakwenda na nyeupe. Nyekundu isiwe ya baridi. Nyeupe iwe ya baridi. Nikamwambia kwa baridi hii ya Ufipa ile nyeupe imeshapata haki yake, tuendelee.

Tulikuwa na mbuzi, na tulikuwa na samaki wa Ziwa Rukwa ambao Leokadia aliwafuata mwenyewe sokoni. Kwa hiyo mpango wa Oresto ulikuwa rahisi. Tuanze na mbuzi na divai ya Kifaransa, iliyokuwa nyekundu, kisha samaki na ile nyeupe ya Kimarekani. Kila upande ungeona kinywaji chake mezani. Sasa ninapoandika naona ulikuwa mpango mzuri. Siku ile sikuona.

Nikaonja ya Kimarekani. Tamu. Tamu kama togwa tunayompa mwanamke aliyejifungua. Nikaonja ya Kifaransa. Ile ilikuwa na ukali wake, inakausha ulimi kama umetafuna gome la mti, halafu inatulia. Nikasema hiki ndicho kinywaji cha watu wazima. Wanaume wanaokuja kuchukua binti hawapewi togwa.

Balozi akaipata nafasi yake hapo. "Mama amesema kweli. Na mimi naongeza. Wamarekani wanawapiga mabomu wenzetu huko Vietnam, halafu sisi kijiji cha ujamaa tuweke zabibu zao mezani? Kesho katibu wa tawi akipita, nitasema nini?"

"Utasema umekunywa," Oresto akamjibu.

"Ndugu Oresto, mimi sitanii."

"Na Wafaransa je? Wao hawajampiga mtu?"

Balozi akakuna kidevu. "Hii imetoka kwa padre. Imeshapoa."

Tukacheka. Lakini neno lake lilinifaa, kwa hiyo nikalitumia. Nikasema za Kimarekani ziende chini ya kitanda changu. Oresto akasema, "Mama, wameleta wao. Wageni wakileta kitu, kinaonekana."

Nikamwambia wameleta kwetu, na kwetu ni mimi. Zikaenda chini ya kitanda.

Halafu ndipo mwalimu wetu akatoa lile somo lake la mwisho. Padre, anasema, alikuwa anaifungua nyekundu mapema, ipumue kabla haijanywewa.

"Mapema kiasi gani?"

"Alikuwa anasema mapema tu, Mama."

Mtu umekaa kwenye nyumba ya padre, umembebea sahani miaka yote ile, hukumwangalia anafungua chupa saa ngapi? Ulikuwa unaangalia nini? Mimi ninajua kinywaji kinavyopumua. Pombe ya ulezi inapumua siku tatu, na katika miezi hii ya upepo unaiweka karibu na moto, la sivyo inalala na haiamki. Kwa hiyo tukazifungua zote mbili siku ileile. Nikaziba midomo kwa magunzi ya mahindi, nimeyalegeza ili hewa iingie. Nikazifunga kwenye blanketi kuukuu nikaziweka kando ya mafiga. Kila asubuhi nilizigusa kama mtu anavyogusa paji la uso la mtoto mgonjwa. Zilikuwa na joto zuri. Nikafurahi.

Oresto aliziona pale kila siku. Hakusema kitu. Leo anasema alidhani mimi ninajua.

Basi, jana wakaja. Walikuwa watano: Mzee Ambakisye na koti lake jeusi, mama wawili wa ukoo wao, Gwakisa, na mshenga wetu Mzee Pius ambaye ndiye aliyekuwa anawatembeza. Nyumba ilikuwa safi. Leokadia alikuwa amepaka ukuta kwa udongo mweupe hadi kwenye banda la kuku. Glasi tuliziazima misheni. Mbuzi alikuwa analainika kwenye mchuzi wake, ugali wa ulezi umesimama, kila mtu amenawa.

Nikaleta chupa mwenyewe. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza, mgeni aone hakuna kitu ndani. Mbele ya watu wa Mbeya jambo hilo lina uzito wa pekee, sihitaji kulieleza. Nikamimina kwenye glasi yangu, Mzee Ambakisye amenikazia macho. Nikanywa.

Ilikuwa imechacha.

Haikuwa ule ukali wa Jumatano. Hii ilikuwa imekufa. Ilinikwangua koo, ikapanda puani, macho yakataka kutoa maji nikayazuia. Ningeweza kuitema. Ningeweza kusema, jamani, samahani, kinywaji kimeharibika, Leokadia lete zile chupa za wageni wetu chini ya kitanda. Ni maneno machache. Mtoto angeyasema.

Uso wangu haukusogea. Nikameza. Nikamimina glasi ya Mzee Ambakisye, nikaijaza, nikampa kwa mikono miwili.

Nilijua.

Sasa, mtu asiye wa huku anaweza kusema, divai mbaya ni divai mbaya, jambo gani. Lakini kwetu na kwao Mbeya desturi ni moja. Wakwe wakija ukawapa kinywaji kilichochacha, umewajibu. Hujasema neno, hujamfukuza mtu, lakini umesema binti hatoki. Hata bibi yangu aliwahi kuwafanyia hivyo watu waliomtaka shangazi yangu. Walikunywa, wakaaga kwa heshima, hawakurudi. Kila mtu aliyekuwa pale jana anajua maana yake.

Mzee Ambakisye akanywa kidogo. Akaweka glasi chini, polepole, kama inaweza kupasuka. Hakukunja uso. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, kama binti hayupo, tungeambiwa tu."

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kitu. Nafasi ilikuwa bado ipo. Badala yake nikafungua mdomo wangu huu.

Nikamwambia kinywaji hicho ni cha mapadri, Wafaransa wanampa mgeni wa heshima, na mtu aliyezoea kunywea ndoo hawezi kukijua.

Naandika maneno hayo kama yalivyotoka, nisijifanye nimeyasahau.

Mama mmoja wa ukoo wao akavuta pumzi. Gwakisa, masikini, akajaribu kuzima moto. Akamwuliza Oresto taratibu, "Baba, na zile tulizoleta sisi?"

Oresto akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ukuta. Na hapo balozi, Mungu ndiye anajua alimwumba kwa kazi gani, akakohoa akaanza kueleza kwamba za Kimarekani zimewekwa pembeni kwa sababu ya msimamo wa nchi dhidi ya mabeberu.

Alikuwa bado anaeleza wakati Mzee Ambakisye anasimama. Wote wakasimama. Mzee akatuaga mmoja mmoja, akanishika mkono hata mimi, akasema asante kwa chakula ambacho hakukigusa. Nyama ilikuwa bado inatoa mvuke. Wakaondoka kwa miguu kuelekea Mazwi, kwenye nyumba walikofikia. Gwakisa aligeuka mara moja tu.

Balozi akabaki. Akala. Alikula na samaki.

Baada ya hapo tukagombana, mimi na Oresto, kama tunavyojua kugombana. Yeye akasema ningemsikiliza juu ya chupa za wageni. Mimi nikasema angenipa saa, mtu aliyesoma anatoa saa. Yeye akasema nani aliyeziweka motoni. Mimi nikasema nani aliyesema zisiwe za baridi. Mke wake akatoka nje akaenda kukaa na mbuzi waliobaki. Ninamwelewa.

Leokadia alikuwa anaosha glasi za misheni. Hakulia, ningependa angelia. Alizipangusa zote, akazifunga kwenye kitambaa, kisha akasema bila kunigeukia, "Bibi, mimi nilikuwa naolewa na Gwakisa. Siolewi na chupa."

Mimi, ambaye ninajibu hata radi, nikachukua ufagio nikafagia palipokwisha fagiliwa.

Leo baada ya misa Mzee Pius akaja. Hakukaa. Akasema watu wa Mbeya wanaondoka na lori la kesho asubuhi, na wakifika kwao wataitisha kikao cha ukoo, na kikao hicho tunajua kitasema nini. Oresto akaanza kumweleza habari za kupumua na za mafiga. Mzee Pius akamnyamazisha kwa mkono.

"Hayo nimemwambia. Nimemwambia kinywaji kiliharibika kwa bahati mbaya." Akanigeukia. "Lakini amesema hajakasirishwa na uchachu. Amesema alikuwa anakutazama usoni. Ulionja ukameza, uso umetulia, ukamjazia. Anasema mtu ambaye hakujua angeshtuka."

Nikamwambia Mzee Pius kwamba huyo mzee wake wa Mbeya ana macho ya polisi. Akasema, "Labda. Lakini ameona vibaya?"

Huyu Pius nimemjua tangu akitembea na kamasi. Amekuwa mjeuri.

Alipoondoka, Oresto akaja na ujanja wake. Anataka tuseme divai ilikuwa mbovu tangu kwa padre. Padre yuko Ulaya, hatakuja kubisha. Tuseme kwao ndivyo inavyonywewa, ndiyo maana sikushtuka, nilidhani ladha ndiyo hiyo. Tuwapelekee chupa za Kimarekani na kuku wawili, mambo yaishe.

Nimeliwaza jambo hilo mchana kutwa, na sitasema halikunivutia. Lilinivutia sana. Ni uongo mzuri, una miguu na mikono. Lakini nimeuzungusha kila upande na hausimami. Yule mzee alishaniona. Nikimpelekea uongo atajua ni uongo, na atasema nyumba hii inatoa uchachu mara ya pili. Leokadia ataolewa huko, ikiwa ataolewa, na kila siku ukweni watamtazama usoni kutafuta kilichofichwa. Binti wa watu waongo, tena wa Sumbawanga. Atamwaga maji, watanusa.

Kama alivyoona, mimi nilijua. Ila kuna kitu kimoja hakukiona, kwa sababu nilikificha vizuri kuliko uchachu wenyewe. Sikumpa glasi ile kumkatalia binti. Nilimpa kwa sababu niliona aibu. Mimi mpishi wa pombe wa Pito nzima, nimesimama mbele ya watu wa Mbeya na kinywaji kilichoharibikia jikoni kwangu, sikuweza kuitamka ile aibu. Nikaona afadhali wao wameze.

Huyo, mimi mwenyewe, ndiye aliyebaki kati ya niliowakasirikia. Nilisema nitamtaja.

Na mtu pekee anayeweza kumwambia Mzee Ambakisye habari hiyo ni mimi. Oresto hawezi, hakuonja. Pius hawezi, amekwisha sema yake. Mwanamke wa upande wa binti hafuati wakwe walikolala. Sijawahi kuona, mama yangu hakuona, na wanawake wa hapa watapata la kusema mpaka mvua zianze. Na waseme. Nitakwenda bila kuku na bila chupa, nisije nikaonekana nanunua. Sitamchukua Oresto, atafundisha.

Nimemwambia Leokadia aniamshe jogoo la kwanza. Ameniuliza ninakwenda wapi na baridi hii. Nimemwambia ninakwenda kuwaaga wakwe. Ameenda kunipigia pasi ile kanga yangu ya kwendea misani. Kanga haijawahi kupigwa pasi jioni katika nyumba hii.

Kabla sijakaa kuandika nilijaribu kuyasema maneno yenyewe, peke yangu, mbele ya mafiga. "Baba, niliona aibu." Mara ya kwanza hayakutoka kabisa, kilitoka kikohozi. Mara ya pili yalitoka, lakini kwa ukali, kama namgombeza mtu aliyekanyaga ulezi wangu. Mara ya tatu nilimtaja na balozi humohumo, nikaona nimeharibu.

Kutoka hapa Pito hadi Mazwi ni mwendo wa kutosha kwa miguu yangu. Nitayasema njia nzima, mpaka yalainike.